Mkono wa Gia

Ililetwa Kizota juu ya lori la matofali,
Datsun ya milango miwili, pua ndefu, rangi ya ugoro,
na mwenyewe, Mzee Chedego, bwana shamba mstaafu,
amekaa ndani, mkanda amefunga,
kama vile ni yeye anayeendesha lori lote.

Mkono wa kushoto umelala pajani.
Kiharusi, mwaka jana, katikati ya mavuno ya zabibu.
Akauinua kwa ule wa kulia, akaniwekea juu ya meza
kama mtu anayekabidhi kipuri:
"Huu unavuta, Madeje. Kusukuma hausukumi."

Wanawe wanataka ifungwe giaboksi ya otomatiki.
Yeye anaitaka hiihii, ya gia nne,
ila ifunguliwe, ifundishwe upole.

Nikaishusha. Oili ikatoka nyeusi, imejaa chembe zinazometameta.
Namba mbili ilikuwa imeitafuna ringi yake ya shaba,
beringi ya nyuma inalia kama kanga wa alfajiri.
Nikapanga kila kitu juu ya gazeti kwa zamu ya kutoka kwake,
maana giaboksi haimsamehe
anayesahau nani alitangulia.
Upepo wa Dodoma hauna adabu;
nilivifunika vipuri kwa kitenge, nikakiwekea mawe pembeni.

Ringi niliipata kwenye pikapu iliyokufa Chang'ombe.
Ilipwaya, unene wa kucha.
Fundi Mlewa akatia kichaka ndani, akakikereza,
umeme ukakatika akiwa katikati,
akasimama palepale, mkono juu ya mashine,
dakika arobaini, hakuisogeza.

Mkono wa gia niliukata, nikaurefusha inchi nne,
nikaupinda umfuate kifuani.
Ikabaki kufuli yake: gololi na springi
zinazoizuia gia isitoke chumbani.
Springi ikiwa ngumu, gia inatulia, mgonjwa hapiti.
Ikiwa laini, mgonjwa anapita,
lakini mteremkoni gia inajitoa yenyewe
na gari linakuwa huru,
uhuru ule ambao mwisho wake ni korongo.

Nikakata pindi moja la springi.
Tukaenda kujaribu barabara ya Zuzu.
Namba moja, kwa kuhema. Mbili akaivuta kama uzi kwenye siagi.
Tatu akaisukuma, akaisukuma,
mshipa wa shingo ukasimama,
trekta likatupita, dereva wake akatupungia.

Nikakata la pili.
Safari hii hakutumia kiganja.
Aliweka kiwiko nyuma ya mkono wa gia,
akainama mbele mwili mzima,
kama mtu anayeitikia salamu ya mkubwa wake.
*Tak.*
Hakucheka. Alisema tu kwamba redieta inavuja.
Ni kweli, ilikuwa inavuja.

Tuliporudi akasema, "Kata na la tatu."
Nikamwambia: unataka kwenda Babati, njiani kuna milima ya Kolo,
gia itakutoka ukiwa unashuka.
"Ikitoka nitairudisha.
Mwaka mzima mmenishikia vyote, hata kijiko.
Kitu kimoja, Madeje,
kitu kimoja nikishike mimi."

Nilikaa na koleo mkononi mpaka chai ikaota utando.
Kisha nikakata nusu pindi,
nikapiga tupa ncha, nikarudisha gololi, nikakaza boliti,
nikamwambia: tayari.

Alinilipa nusu kwa fedha, nusu kwa kreti mbili za zabibu.
Vipande vya springi vimo kwenye kopo la kahawa,
viwili na nusu. Hajaviulizia.
Ila siku ile alipoondoka,
kabla ya kuvuka reli, kutoka mbili kwenda tatu,
niliisikia injini ikisubiri kuliko ilivyopaswa,
kama kuna mtu humo ndani anaipima springi kwa kiwiko,
taratibu,
anahesabu.